Busta ya mtandao kwenye nyumba ya paa la mabati, Busia, Uganda: uzoefu wangu

Busta ni kifaa kinachonasa mawimbi ya simu kwa antena ya nje, kinayakuza, kisha kinayasambaza ndani kwa antena ya pili. Hii yangu ya bendi mbili za masafa, MHz 900 na 1800, nimeitumia miezi minane kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye madirisha ya chuma na paa la mabati. Sebuleni simu ilikuwa inasoma -112 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; namba ikikaribia sifuri, mtandao ni bora). Sasa inacheza kati ya -70 na -75. Inafanya kazi kweli, ila sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya antena ya nje na kebo, si ya kile kisanduku.

Kabla hujatoa hela, pima. Kwenye Android ingia mipangilio, kuhusu simu, hali ya laini. Nguvu ya mawimbi iko hapo kwa dBm. Ukiwa kwenye 4G, -85 ni nzuri, -100 inavumilika, ikishuka chini ya -110 simu zinaanza kukatika. Panda ngazi hadi usawa wa paa, washa hali ya ndege na uizime, subiri dakika moja, soma tena. Mimi nje nilipata -84. Ukikuta nje nako ni -115, usinunue: busta inakuza kilichopo, na kelele zake zote. Hapo jaribu kwanza laini ya kampuni yenye mnara wa karibu.

Wapo wanaosema Wi-Fi inatosha. WhatsApp itapita, sawa, lakini *165# na *185#, za pesa za simu za MTN na Airtel, zinataka mtandao wa simu wenyewe. Nyumba ambayo mama anatoka nje usiku ili atume pesa haijasaidiwa na Wi-Fi.

Kebo iliyokuja kwenye boksi ni RG58, nyembamba. Itoe. Kwenye 900 inakula karibu nusu desibeli kila mita, kwa hiyo mita 10 zinakula 5. Nimeweka 5D-FB, kebo nene zaidi, ya urefu uleule, inakula kama 2. Desibeli 3 ni nusu ya nguvu, na kwenye 1800 hasara inazidi.

Kinachowashinda wengi ni taa nyekundu ya onyo kwenye kisanduku. Antena ya ndani ikisikika na ya nje, busta inajisikia yenyewe, kama maikrofoni ya kanisani ikisogezwa karibu na spika. Hapa mabati yanayozuia mtandao yanageuka msaada, maana yanatenganisha antena hizo mbili. Nimesimamisha bomba la mita 3 juu ya paa, antena ya ndani nikaifunga chini ya paa upande wa pili wa nyumba, uso ukitazama sakafu. Taa ikibaki nyekundu, sogeza antena ya ndani kwanza. Kupunguza ukuzaji kuwe mwisho. Na usiwashe umeme kabla antena zote mbili hazijafungwa, unaweza kuiunguza busta.

Kisha kuna Kenya, iko ng'ambo tu ya mpaka, na karatasi ya maelekezo haiijui. Busta haichagui kampuni. Chochote kilichomo kwenye bendi inakikuza. Antena ikitazama mashariki, mnara wa Kenya unaijaza busta, nayo inajipunguza yenyewe, laini yako inabaki palepale. Mgongo wa antena ndio uelekee Kenya. Zungusha nyuzi 30, subiri dakika, soma, endelea. Kwenye simu zima uchaguzi wa mtandao wa kiotomatiki. Programu ya kupimia mtandao huonyesha namba ya nchi ya mnara: ikiwa 641 uko Uganda (MTN ni 641-10, Airtel 641-01). Ikionyesha 639, ya Kenya, umeshavuka bila kuondoka kitini.

Usidanganywe na busta zilizobebwa kutoka Marekani, za 850 na 1900, hapa hazikusaidii. Uliza pia UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, kama modeli unayoitaka imeidhinishwa. Busta mbovu inapeleka kelele kwenye mnara, na majirani wote wanaumia.

Baada ya mvua za Aprili usomaji wangu ulishuka kwa desibeli 8. Maji yalikuwa yameingia kwenye kiungo cha antena, shaba imegeuka kijani. Nilikata kipande, nikafunga kiungo kipya kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, tepu nyeusi juu yake, na kebo nikaiacha ining'inie kidogo kabla ya kuingia ukutani ili maji yadondokee nje. Radi huku si ya kubahatisha: weka kinga ya radi kwenye kebo, na bomba liunganishwe na nondo ya shaba iliyopigiliwa ardhini.

Umeme ukikatika, betri ya sola ya volti 12 inaiendesha. Lakini betri ikiwa inachajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi, na busta nyingi zimeandikwa 12 tu. Weka kidhibiti cha volti katikati, na fyuzi kwenye waya chanya karibu na betri.