Jioni nne za asili ya serikali ya Marekani, Langoni

Nimehudhuria jioni zote nne za darasa la historia linalofanyika baada ya sala ya isha katika nyumba moja ya mtaa wa Langoni, mjini Lamu, ambamo mwalimu mstaafu hufundisha asili ya Kiingereza na ya kikoloni ya serikali ya Marekani. Ada ni shilingi 400 kwa jioni zote, pamoja na kahawa.

Ubora wa darasa hili ni kwamba hati zenyewe husomwa kifungu kwa kifungu na kufasiriwa kwa Kiswahili. Jioni ya pili tulisoma kwa pamoja Hati ya Haki ya Uingereza ya 1689 na Marekebisho ya Nane ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, tukajionea kwamba katazo la dhamana na faini za kupindukia na la adhabu za kikatili lilinakiliwa karibu neno kwa neno. Na kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuisoma Magna Carta ya 1215, hati iliyomzuia Mfalme John wa Uingereza kutoza baadhi ya kodi pasipo shauri la milki yake, hasira ya walowezi wa makoloni ya Amerika juu ya Sheria ya Stempu ya 1765, ambayo kwayo Bunge la Uingereza liliwatoza kodi ya karatasi na hati, ilieleweka mara moja: walidai kile walichokihesabu kuwa urithi wao.

Jioni ya tatu ndiyo iliyonigusa zaidi. Mwalimu aliilinganisha Kampuni ya Virginia, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1606 kuanzisha koloni huko Amerika, na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa yake mwaka 1888 ikatawala sehemu ya mwambao huu wetu. Mzee mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona kule lilipatikana baraza la kuchaguliwa mapema, tangu 1619, na huku sisi hatukuulizwa?" Akajibiwa kwamba waliopiga kura huko Jamestown, makao ya koloni la Virginia, ni walowezi wenyewe, wenye nchi hawakuulizwa huko pia.

Ninalo lalamiko moja zito. Majuma machache baada ya baraza hilo kukutana, Waafrika waliotekwa walishushwa Virginia, na habari yao ilipewa dakika chache tu. Mji huu uliijua biashara ya watumwa kwa karibu. Jambo hilo lilistahili jioni yake.

Nakala tulizogawiwa zilikuwa hafifu, hivyo atakayekwenda na awahi mikeka iliyo karibu na taa.