Tiba ya Usemi Malindi: Maoni ya Jamaa wa Mgonjwa wa Kiharusi

Kliniki ninayoizungumzia ni ndogo, imo mjini Malindi, na ndiko tunakompeleka ami yangu, mvuvi wa zamani ambaye kiharusi kilimwachia akili timamu lakini kikamnyang'anya majina ya vitu. Hali hiyo huitwa anomia, nayo ni sehemu ya afasia, yaani kupungukiwa na lugha kwa sababu ya dhara la ubongo: mtu anakijua kitu, anajua kazi yake, ila jina haliji.

Mtaalamu wa hapa hana haraka ya kumtajia mgonjwa jina, na kwa hilo anastahili sifa. Hutumia njia ambayo Mary Boyle na Carl Coelho wa Marekani waliieleza mwaka 1995: picha huwekwa katikati ya karatasi, kisha mgonjwa huulizwa kitu hicho ni cha jamii gani, hufanya nini, hupatikana wapi, kina umbo gani na kinamkumbusha nini, ili kila jibu liamshe maana zilizo jirani na jina hadi jina lenyewe lipate njia ya kutoka. Alipoonyeshwa picha ya dema, mtego wa samaki, ami alisema, “Kile… cha baharini, cha samaki.”

“Samaki huingiaje, baba?”

Akazungusha kidole kuonyesha mlango wake, akataja fito, akataja chambo, kisha likamtoka: “Dema!”

Jina likikataa kabisa, mtaalamu hudokeza mwanzo wake. Kwa Kiswahili kudokeza kuna ujanja, maana ukimwambia mgonjwa “ki” hujamsaidia: kisu, kijiko, kikombe na kiti vyote vimo humo. Yeye huongeza silabi ya pili, “kiji…”, na mara nyingi hiyo hutosha.

Kasoro kubwa ni kadi za picha, ambazo nyingi ni za ng'ambo. Hata lile jaribio mashuhuri la Boston la kupima uwezo wa kutaja majina ya vitu, lenye picha 60, linamtaka mtu ataje nyumba ya barafu ya Waeskimo. Mvuvi wa Malindi akishindwa hapo, sioni ubongo wake una kosa gani. Sisi tulipiga picha za nyavu, kifumbu na mbuzi ya kukunia nazi, na kliniki ikazipokea bila kinyongo.

Miadi nayo hutolewa kwa nafasi ndefu mno, ilhali tiba hii hutaka mazoezi ya mara kwa mara. Kwa hiyo anayemleta mgonjwa na aombe kuingia naye chumbani, ajifunze kuuliza maswali yaleyale, ayaendeleze nyumbani hadi miadi ijayo.