Nyumba ya video ya Katuba: unalipa mechi yako, basi

Kila wiki mutu anauliza mu WhatsApp ya kartie ni wapi anaweza kuangalia basketi huku L'shi (Lubumbashi) bila kulipa abonema ya mwezi muzima, basi leo niandike yote mara moja. Iko nyumba ya video moja Katuba, si mbali na soko, haina jina ku mulango, iko tu ubao mweusi penye papa mwenye nyumba anaandika mechi za siku na chaki. Minaenda pale tangu miaka ine na sijaona mahali pengine mu muji penye mutu anaheshimu feza yako vile.

Ndani mabenchi ya mbao nane, televisheni mbili, ile kubwa ni ya mupira, ndogo ya pembeni njo ya basketi. Mechi ya Ulaya 1 000 franka, mechi ya hapa kwetu 500, basketi ya usiku 1 500 na chai iko ndani. Umeme ukikatika haumalize dakika mbili, gurupu (jenereta) inawaka na picha inarudi, na siku moja gurupu yenyewe ilikataa mu kipindi ya pili, papa akarudishia kila mutu feza yake ku mulango, hata bale batoto benye balilipa nusu. Hiyo siku njo nilisema kwa huyu papa sitatoka.

Basketi ya usiku namna yake iko hivi. Phoenix Suns, ekipe ya basketi ya Marekani, wakicheza saa moja ya jioni kwao, kwetu ni saa kumi ya alfajiri, na hakuna mutu wa kutembea mu Katuba saa ile, kwa hiyo tunaingia saa tatu ya usiku, tunalipa, mulango unafungwa na kufuli, batu banalala ku mabenchi mpaka mwenyewe anakuja kutuamusha dakika kumi mbele. Tukitoka jua limeisha kutoka na mama wa mikate ya mafuta ameisha kuwasha moto. Kama batu hawafike kumi hafungue, na anasema mapema, haachi mutu nje.

Mbele ya kufika pale nilikuwa na dekoda ku nyumba. Nililipa buke (mufuko wa chaneli) kubwa juu ya michezo, wiki ya pili chaneli za michezo zikapotea, nikaenda kwa bale benye waliniuzia, jibu: buke imebadilika papa, ongeza. Sitataja jina lao. Kile kilichoniuma ni kwamba mama mukwe na muke wangu balikuwa banaangalia filamu za mufululizo tu, ile ingine chaneli mia na kitu hakuna mutu alizigusa, na mimi nililipa byote. Ile namna ya kuuza kitu kimoja ndani ya mufuko wa bitu makumi tano nilidhani ni shida yetu ya huku. Kumbe kule Marekani ile namna njo iliangusha chaneli zao za michezo, na iligusa mutoto wetu kabisa.

Bismack Biyombo, mucheza basketi, mutoto wa Lubumbashi, alizaliwa hapa 1992, alikuwa Phoenix Suns tangu Januari 2022 mpaka 2023. Ule mushahara wake wa musimu wa kwanza pale, dola milioni 1.3, aliutoa wote kujenga hospitali huku Kongo juu ya kukumbuka baba yake. Sisi ku mabenchi ya Katuba hatukukosa mechi yake hata moja yenye tulitaka. Na nduku yangu mwenye anaishi palepale Phoenix, muji wa ekipe, alikuwa ananiuliza mimi matokeo! Maana kule mechi zilikuwa mu chaneli ya jimbo, Bally Sports Arizona, na huduma za televisheni ya intaneti za bei ya chini kama YouTube TV na Hulu hazikuwa nayo tangu 2020. League Pass nayo, huduma ya kuangalia mechi za NBA (ligi ya basketi ya Marekani) ku intaneti, ukiwa inje ya Marekani unaona ekipe zote, lakini ukiwa mu Marekani ekipe ya muji wako inafungwa juu ya kulinda ile chaneli ya jimbo. Mutu yuko dakika makumi mbili na uwanja, haone.

Sasa zile chaneli za majimbo. Zilikuwa 21, Disney ilizipata iliponunua mali ya Fox 2019, serikali ikailazimisha iziuze sababu ilikuwa tayari na ESPN, chaneli kubwa ya michezo, na kampuni Sinclair ikazichukua kwa dola miliari 9.6, sehemu kubwa feza ya kukopa. Biashara yao ilisimama juu ya kitu kimoja: kampuni ya kebo (televisheni ya waya) inalipa chaneli dola kadhaa kila mwezi juu ya kila nyumba yenye iko na kebo, mukiangalia ao musipoangalia. Yani koko (muzee wa nyumba) mwenye hajawahi kuona mupira mu maisha yake alikuwa analipa mushahara wa bacheza basketi bila kujua. Ilikuwa tamu sana miaka mingi. Halafu makoko na vijana bakaanza kukata kebo, wakaenda ku Netflix, na kila nyumba ikitoka feza inashuka, lakini mikataba na ekipe ilikuwa imeandikwa ya miaka mingi na malipo yanapanda kila mwaka. Deni ikapita dola miliari 8. Februari 2023 wakashindwa kulipa riba ya karibu milioni 140, mwezi wa tatu Diamond Sports Group, kampuni ya Sinclair yenye ilishika zile chaneli, ikaenda ku tribinali ya Houston, Texas, kusema imeshindwa kulipa deni.

Ekipe ndizo ziliona moto. San Diego Padres ya beisboli feza yao haikufika, na kufikia tarehe 31 Mei 2023 ligi yenyewe ndiyo ilikuwa inaonyesha mechi zao. Suns nao wakasema tunatoka, tunaenda ku televisheni ya bure ya antena, Diamond ikapinga ku tribinali, mwisho ikaachia, na musimu ule ekipe ikagawa hata antena za bure. Nduku yangu alipata yake, akaniita kwa video kunionyesha picha mu sebule yake, karibu alie. Lakini Biyombo alikuwa ameisha kuondoka! Ekipe zake zingine pia, Charlotte, Orlando, Memphis, Oklahoma, zote zilikuwa mu mikono ya chaneli zile zile, na Indiana Pacers yenye Oscar Tshiebwe alianza nayo, mutoto mwingine wa huku kwetu, nayo vile. Kampuni ilitoka tribinali Januari 2025 na jina jipya, Main Street Sports Group, lakini ndogo kuliko ile iliyoingia.

Njo maana minaipenda hii nyumba ya Katuba. Mwenye anaangalia njo analipa, mwenye hataki anabaki kwake na feza yake, hakuna koko analipia benchi yangu. Nilimwelezea papa mwenye nyumba historia yote ya Diamond usiku mumoja tukingoja saa kumi, akasikiliza mpaka mwisho, akasema yeye hakopi feza ya kununua mechi, akikosa batu kumi anafunga mulango na kesho anafungua tena.

Lakini niseme na upande mbaya. Mupira wa Ulaya yeye mwenyewe anautoa mu dekoda, na buke ikipanda na ubao wa mulango unapanda, tulianza na 500 tukafika 1 000. Wakati ule Mediapro, kampuni ya Hispania, ilishindwa kulipa ligi ya mupira ya Ufaransa, Ligue 1, na chaneli yake Téléfoot ikafungwa Februari 2021, huyu papa aliniambia alikaa wiki nzima hajui aandike nini ku ubao kwa mechi za Ligue 1. Choo ni kimoja na kufuli ya usiku inanitia woga, nilimwomba mara mbili aweke mulango wa pili wa nyuma, alisema ataweka, bado. Moto ukiwaka mule ndani na batu makumi tatu, sipendi hata kufikiri.

Siku ya Mazembe na Lupopo, ekipe mbili za mupira za hapa L'shi, musiende, inajaa mpaka dirisha, ni heri stade. Basketi mubebe bulangeti, Juni na Julai baridi inakata mifupa na finali za NBA njo zinaanguka ndani ya Juni. Feza ndogo ndogo, hana chenji. Na mukaye benchi ya tatu, ile ya mbele inaumiza shingo.