Ziara ya mwaka 1954, Kampala hadi Jinja: nendeni, ila ombeni gari lisimame Njeru

Jumamosi iliyopita mimi na binti yangu tulikwenda kwenye ziara ya siku moja inayousimulia mwaka 1954 wa Uganda, kuanzia makumbusho ya Kampala hadi chanzo cha Nile, Jinja. Tulilipa shilingi 180,000 kila mmoja, mashua na chakula cha mchana humohumo. Wenye ziara ni vijana wachache wenye minibasi moja ya viti 14, na siku chache kwa mwezi huifanya kwa Kiswahili. Hicho Kiswahili ndicho kilichonitoa nyumbani. Nimezaliwa Jinja. Baba yangu, Msamia wa upande wa Busia, alikuwa mmwaga zege kwenye bwawa la umeme la Owen Falls, hapohapo Jinja, na lugha aliyotuachia ni ile ya kambi ya wafanyakazi, ambako Mluhya, Mjaluo, Mgisu na Mwacholi walielewana kwa Kiswahili tu.

Mwanzo ni mzuri sana. Mnakutana Kira Road saa tatu na nusu asubuhi, mbele ya jengo la makumbusho, ambalo lenyewe lilifunguliwa mwaka huo wa 1954. Aliyelichora ni Ernst May, Mjerumani ambaye wakati wa Hitler hakuweza kurudi kwao, akaishi Afrika Mashariki miaka mingi. Nimepita pale tangu utotoni bila kulitazama jengo. Siku hiyo nililitazama.

Kabla ya kupanda gari kila abiria anapewa kadi yenye tukio moja la mwaka, aisome kwa sauti njiani. Ni jambo dogo lakini limefikiriwa. Binti yangu alipata kadi ya kuanzishwa kwa chama cha siasa cha DP (Democratic Party) chini ya Joseph Kasolo. Mzee mmoja wa Soroti alipata kadi ya Patrick Etolu, kijana wa Teso aliyetuletea medali ya fedha ya kuruka juu kutoka Vancouver, kwenye michezo ya nchi za Jumuiya ya Madola, nyuma ya Emmanuel Ifeajuna wa Nigeria aliyechukua dhahabu. Mzee aliisoma mara ya kwanza, akaomba aisome tena. Alisema baba yake alilitaja jina hilo kila mwanawe aliporuka mtaro. Gari zima likapiga makofi. Tukafika Namawojjolo bado tunazungumza habari za Etolu, tukanunua kuku wa kijiti na gonja, ndizi za kuchoma, dirishani.

Kadi yangu ilikuwa ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Mutesa wa Pili alikuwa ameondolewa nchini tarehe 30 Novemba 1953 na Gavana Andrew Cohen, akapelekwa London kwa ndege, baada ya kukataa kukubaliana na serikali ya Waingereza wakati Baganda wakiwa na hofu ya kuunganishwa na Kenya na Tanganyika. Kwa hiyo mwaka 1954 wote, tangu Januari hadi Desemba, Buganda ilikaa bila mfalme. Wanaume waliacha kunyoa ndevu. Wanawake walivaa nguo za magome ya mti wa mutuba kama walio matangani. Watu waligomea bidhaa za madukani. Palifanyika mkutano Namirembe chini ya profesa Keith Hancock kutafuta njia ya kutokea, na Kabaka hakurudi hadi tarehe 17 Oktoba 1955. Mwongozaji aliyaeleza haya vizuri, bila kupendelea upande.

Halafu tukavuka msitu wa Mabira, na Kabaka akaachwa nyuma huko.

Hapa ndipo penye kosa la ziara hii, na nalisema kwa sababu naipenda. Tulipokaribia mto, hadithi ilianza upya kana kwamba ni ya nchi nyingine: Malkia Elizabeth na mumewe wametua Entebbe mwishoni mwa Aprili, wamekuja Jinja, na tarehe 29 Aprili 1954 Malkia amefungua bwawa. Tulielezwa kwa muda mrefu habari za gwaride, mahema na wageni wa heshima. Wafanyakazi walipata sentensi mbili. Na hakuna aliyesema kwamba ng'ambo ya pili ya maji hayohayo, hapo Njeru, ni Buganda, na watu wake walikuwa katika msiba siku ile ile bendi ilipokuwa ikipiga.

Mimi nalijua hilo kwa sababu mama yangu alikuwa msichana wa Njeru. Baba alisimama upande wa Jinja nyuma ya kamba, shati lake limepigwa pasi, akingoja kuona gari la Malkia, maana alitaka kuwaona walioletwa kuitazama kazi yake. Mama alikaa uani kwao amejifunga gome. Wazazi wake walikataza mtu yeyote wa nyumba ile kwenda kutazama sherehe, na mwenyewe hakutaka. Walipooana, baba na mama walibishana kuhusu siku hiyo hadi uzee. Baba akisema, "Nilijenga." Mama akisema, "Mlijenga na Kabaka wetu hayupo." Wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Nilimwambia mwongozaji haya tukiwa kwenye gati. Ni kijana wa miaka kama 25, ananiita Jaja, yaani babu au bibi kwa Kiganda. Hakujitetea. Alifungua daftari lake akaniuliza zege lilimwagwaje. Nikamwambia alivyotuambia baba: zege halilali. Ukishaanza kumwaga huliachi ligande katikati, kwa hiyo zamu ilipokezwa zamu, taa zikiwaka usiku, na mtu alikula amesimama. Aliandika yote.

Mashua ndiyo sehemu bora ya siku nzima. Jaketi za kujiokolea zipo za kutosha na ni safi, nahodha haendi mbio. Anawapeleka pale maporomoko ya Ripon yalipokuwa, yale aliyoyaona Speke, mvumbuzi Mwingereza, mwaka 1862, yaliyomezwa na maji baada ya bwawa kujengwa. Sasa maji yanapita kimya, yanazunguka kidogo tu. Mwongozaji alieleza vizuri kwa nini: bwawa liligeuza Ziwa Viktoria kuwa kama tangi, Misri na Uingereza zilikubaliana mwaka 1949 kuhusu maji hayo, na hadi leo Misri ina mhandisi wake Jinja wa kuangalia kiasi kinachoachiwa. Pia alisema mashine za umeme zilipangwa kuwa 10, kila moja megawati 15, na kwamba nyingi zilifungwa miaka iliyofuata baada ya sherehe. Sikuyajua haya ya mashine, na baba alifanya kazi pale.

Chakula: ngege mzima wa kukaanga, matooke, na mboga. Samaki alikuwa wa kuvuliwa siku hiyo. Tuliketi kungoja karibu saa nzima, na kwa wazee hilo ni tatizo kwa kuwa viti havina migongo. Ngazi za kushukia gatini zinateleza na hazina pa kushika. Binti yangu alinishika mkono, asiye na wa kumshika afikirie. Mkiwa karibu na bwawa simu ziwekeni mfukoni, picha haziruhusiwi na askari hawana mchezo.

Kitu kingine: kwenye mashua walipanda wageni wawili wa Ulaya, na maelezo yakahamia Kiingereza kwa dakika kama 20. Mzee wa Soroti akanyamaza kabisa. Sisi tulilipia Kiswahili. Wageni wapewe mtu wao.

Pamoja na hayo, pesa yangu haikupotea, na ningewapa nyota nne kati ya tano. Jumatano kijana alinipigia simu. Anataka kuongeza kadi mbili, ya wamwaga zege na ya wanawake wa Njeru, na ameuliza kama nina picha ya mama. Ninayo moja, ya harusi, baba yuko pembeni amevaa shati lile. Nimeshalipia viti viwili vya Agosti, changu na cha mjukuu wangu, na dereva ameniahidi atasimama Njeru robo saa kabla ya kuvuka.