Waipa za vakyumu za Ford Anglia: kazi ya gereji moja ya Malindi

Mwenye Ford Anglia 100E, gari lililoundwa Uingereza kati ya 1953 na 1959, anaijua adha ya waipa za vakyumu wakati wa masika. Waipa hizi hazitumii umeme. Huendeshwa na mvuto wa hewa unaotoka kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayoingiza hewa na mafuta kwenye injini. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, waipa hukimbia mno, lakini dereva akikanyaga mafuta ili alipite lori, mvuto hupungua hadi karibu kwisha na waipa husimama katikati ya kioo, wakati ule ule anaohitaji kuona vizuri zaidi. Ford wenyewe waliachana nazo katika Anglia 105E ya mwaka 1959, wakaweka za umeme.

Gari langu nililipeleka kwenye gereji moja ya Barani, Malindi, nikitaka lifungwe mota ya umeme. Fundi akaniambia, “Mzee, kabla hatujatoboa bodi, tutazame kwanza hewa inapotelea wapi.” Nampa sifa kubwa kwa neno hilo, kwa sababu kazi ya umeme ingemlipa zaidi.

Alichomoa mpira wa waipa, akaweka mahali pake geji ya kupima mvuto, nayo ikasoma inchi 18 za zebaki (kizio cha kupimia mvuto) injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Kwa mji ulio usawa wa bahari hicho ni kipimo kizuri, kwa hiyo injini haikuwa na lawama. Aliporudisha mpira, injini ikaanza kutetema. Akaubana kwa vidole karibu na mota ya waipa, mtetemo ukaendelea. Akaubana karibu na manifoldi, ukakoma papo hapo. Mpira wote wa katikati ulikuwa umepasuka nyufa nyembamba ambazo jicho halizioni mpaka uukunje. Aliweka mpya wenye ukuta mnene, kwa maana mpira wa kawaida wa maji hunywea ndani unapofyonzwa na kupata joto, ukaziba njia.

Kisha alifungua mota yenyewe, ambayo ni ya Trico, kampuni iliyoanzishwa Buffalo, Marekani, mwaka 1917. Ngozi zinazoziba hewa pembeni mwa bapa la ndani zilikuwa zimekauka, na grisi ya miaka mingi imeganda kama gundi. Alisafisha, akazilainisha ngozi kwa mafuta, akarudisha. Vyuma vinavyounganisha mota na mikono ya waipa vilikuwa vimeshikwa na kutu, kama ilivyo kwa kila chuma kinachokaa karibu na bahari, akavilegeza mpaka vikazunguka kwa kusukumwa na kidole kimoja. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye thamani kubwa ya kazi yake, kwani mota dhaifu haiwezi kupambana na vyuma vilivyokaza.

Mwisho ndipo alipofunga tangi dogo la akiba lenye valvu ya njia moja. Mvuto wa manifoldi unaposhuka, valvu hujifunga na waipa huendelea kutumia mvuto uliohifadhiwa tangini. Wapo wanaokimbilia kununua tangi kabla ya jambo lingine lolote. Mfumo ukiwa unavuja, akiba hiyo hupotea mara moja na fedha zimekwenda bure.

Mvua ya Mei nimeipitia kwenye barabara ya Mombasa, kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, nikilipita lori na waipa zikiendelea kufanya kazi. Zinapungua kasi, na ukikanyaga mafuta kwa muda mrefu bado zitasimama, kwa kuwa tangi si pampu. Hata hivyo unapata nafasi ya kumaliza kupita na kurudi upande wako. Injini nayo sasa hutulia bila kutetema.

Lawama yangu ni moja na si ndogo: matundu ya kufungia tangi yalitobolewa yakaachwa bila rangi, na katika hewa ya chumvi ya Malindi chuma kitupu hakimalizi msimu. Nililirudisha gari, wakapaka bila ubishi, ila jambo hilo halikupaswa kungoja mteja aseme. Nililipa shilingi 9,000 kwa kazi na mipira, tangi likiwa gharama ya pembeni. Kwa anayesafiri usiku kila wiki ningependekeza mota ya umeme, kwa kuwa 100E ina umeme wa volti 12 na mota za namna hiyo hupatikana. Kwa anayetaka gari libaki lilivyotoka kiwandani, fundi huyu anafaa.