Kidude cha blutuu cha 1,200 kilivyoniepusha kununua pampu ya petroli

Ni miezi minne sasa tangu nikipate kwa hivyo naweza kukisema bila uongo. Ni kile kidude cheusi kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kisome kompyuta ya gari na kukuonyesha kwenye simu, kimeandikwa ELM327, nilikinunua duka la spea hapa Malindi mjini shilingi 1,200, hakuna kijitabu hakuna garantii, ni kidude na kipaketi cha nailoni basi. Nakipa nyota nne na hiyo moja niliyoikata mtaiona mbele.

Gari yangu ni Probox, injini 1NZ ile ya 1500. Ilianza pole pole, asubuhi ukiiwasha inatetemeka kama mtu wa homa, ukisimama kushukisha abiria mshale wa raundi unapanda unashuka wenyewe, mafuta inakunywa sikwambii. Siku moja natoka Mambrui, nimevuka daraja la Sabaki tu, taa ya injini hiyo ikawaka. Fundi akaipima kwa mashine yake akachukua 1,500 yake, akasema kodi, yaani ile namba ya hitilafu inayotoa kompyuta ya gari, ni P0171, pampu imechoka, lete elfu nane. Sikuwa nazo. Ndiyo sababu nikanunua kidude, si ati mimi mjuzi.

Kukiunga ni rahisi, chomeka, fungua swichi, tafuta kwenye blutuu ya simu, namba ya siri weka 1234 ikikataa 0000, halafu programu ya Torque ile ya bure inatosha kabisa. Wenye iPhone hichi cha blutuu ya kawaida hakitawashikia, ulizieni cha WiFi.

Sasa raha yake iko hapa. Kodi yenyewe haikwambii nini kimeharibika, P0171 maana yake kompyuta imeona hewa nyingi petroli kidogo, basi, na sababu zinaweza kuwa kumi. Injini ya petroli inataka kama gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli, sensa ya oksijeni kule kwenye ekzosi ikinusa hewa imezidi kompyuta inaongeza petroli kufidia, na hicho inachoongeza ndicho kidude kinakuonyesha kwa asilimia, kuna namba ya papo hapo na kuna ya muda mrefu. Unazijumlisha. Ikiwa chini ya 10 nenda kanywe kahawa. Yangu gari ikiwa imesimama inaunguruma tu ilikuwa 21 na 6, yaani 27! Nikamwambia kijana wangu akanyage mafuta mpaka raundi 2,500 aishike hapo, namba zikaanza kuteremka, teremka, mpaka jumla 5.

Hapo ndipo nilipojua si pampu. Kama kuna tundu linavuta hewa ya wizi, injini ikiwa polepole hewa yake ya halali ni kidogo kwa hivyo ile ya wizi inaonekana kubwa, ukikanyaga hewa ya halali inaingia kwa wingi ile ya tundu haina habari tena. Pampu iliyochoka au filta iliyoziba ni kinyume chake, gari ikisimama namba ni nzuri, ukikanyaga au ukipakia mzigo ndio zinapaa.

Kulitafuta tundu kulinichukua Jumapili nzima. Watu wengi wanapuliza dawa ya kusafishia kabureta wakisikiliza injini itabadilika wapi, inafanya kazi, lakini ile dawa inashika moto na ekzosi iko hapo hapo ya moto, mimi nikachukua chupa ya kupulizia maji ya nguo za pasi. Jirani akasema tumia moshi, mama watoto akauliza ati nikuletee chetezo, tukacheka, makaa na petroli wapi na wapi. Nikipuliza maji nyuma ya manifoldi, ile mirija inayoingiza hewa kwenye injini, hapo kwenye paipu ya mpira ya PCV inayorudisha mvuke wa injini ukachomwe tena, mlio ukabadilika. Nikaichomoa, juu nzima kabisa, chini imepasuka ufa wa urefu wa ukucha. Huku kwetu kila kitu tunasingizia chumvi ya bahari lakini mpira huu umeuawa na joto la injini na uzee tu.

Paipu shilingi 350 na klipu mbili. Nikiwa hapo nikasafisha na sensa ya hewa, kwa dawa yake yenyewe na bila kuugusa ule uzi wake, lakini ukweli namba zilikuwa zishashuka kabla ya hapo. Nikafuta kodi kwa simu, nikaenda Watamu nikarudi, jumla ikawa 3. Taa haijarudi tena.

Mabaya yake sasa. Kinakatika katika, unaangalia namba mara kimepotea uanze upya. Usikiache kimechomekwa usiku, pale kwenye soketi umeme wa betri uko muda wote hata ukizima gari. Halafu changu kimeandikwa v1.5, na kampuni ya Elm ya Kanada iliyotengeneza chipu asilia haikutoa toleo la 1.5 hata siku moja, kwa hivyo ni feki na kila muuzaji anajua. Feki inayosoma injini yangu sawasawa sina neno nayo.

Na kama gari yako ni ya kitambo iliyotoka Japani, omba ujaribu kwanza hapo hapo dukani kabla hujatoa pesa, nyingi hazisomi hata kama tundu la kuchomeka linalingana. Shemeji yangu alikiazima kwa ile Corolla yake kuukuu, hakikusoma kitu, sasa anasema mimi ndiye niliyempa kibovu na mwezi wa pili huu hajakirudisha.