Stenti ya shingo iliziba tena, operesheni njo ilinisaidia: uzoefu wangu

Naandikia bale benye balitiwa stenti, ni kusema katuyo ka chuma, mu mushipa wa shingo wenye unapeleka damu ku ubongo, na sasa dokta anasema inaziba tena. Bamoja banafikiri stenti ikishawekwa mambo imeisha, hapana, ile chuma inashikilia mushipa wazi lakini nyama ya ndani inaweza kuota juu yake, sana sana mu miaka 2 ya kwanza, kisha hapo mara mingi ni mafuta ileile ya zamani yenye iliziba mushipa inarudi.

Yangu ilionekana ku ekografi ya Dopla hapa Lubumbashi, damu ilikuwa inapita mbio kama maji ya tuyo yenye umefinya na kidole. Mukono wa kuume ulikuwa umeanza kulegea, maneno inakataa kutoka, dakika kidogo kisha inapita. Balijaribu puto kwanza, kapira kenye banavimbisha ndani ya mushipa, mushipa ukapanuka, ukafinyana tena. Njo dokta wa mishipa kule Johannesburg akasema tufungue shingo.

Niliogopa sana, ndugu zangu bote balisema shingo haikatwake. Lakini dokta alinichorea ku karatasi nikaelewa: banafunga damu chini na juu ya stenti, banatia katuyo ka kupeleka damu ku ubongo wakati banafanya kazi, banapasua mushipa, banatoa stenti na yote yenye imeshikamana nayo. Kwangu ule mushipa ulikuwa umeharibika, bakakata kipande kizima bakaunganisha na mushipa balitoa mu muguu wangu.

Kuamuka tu: sema jina, toa ulimi, inua mikono yote mbili. Ni juu nerfu (mishipa ya fahamu) za ulimi, za mudomo na za sauti zinapita karibu kabisa na pale banakata. Sauti yangu ilikwauka, ku simu batu hawakunitambua, ikarudi polepole. Presha nayo balichunga usiku muzima, sababu ubongo wenye ulizoea damu kidogo ukipata mingi gafla unaweza kuvuja damu.

Natoa nyota 4 juu ya 5. Ile moja naondoa juu ya bei, na juu hakuna mutu alinielezea mambo ya sauti mbele nisaini. Mwenye moyo zaifu ama shingo yenye ilichomwa na miale ya kutunza kansa anaweza kuambiwa puto njo nzuri kwake, lakini miye mushipa uko wazi mpaka leo, aspirini naendelea nayo, Dopla nafanya kila wakati dokta anaitaka. Mbele ukubali, uliza dokta wako ameshatoa stenti ngapi mu shingo za batu, hii operesheni haifanywake kila siku.